Mapafu Huwahi, Mfupa Huchelewa: Wiki 12 za Kujiandaa Kabla ya Kuingia Ukuruta

Kila tangazo la kuandikisha wanajeshi likitoka, vijana wa kartie yetu hapa Katuba, Lubumbashi, hunijia wakihema: "Yaya (mkubwa wetu), zimebaki siku kumi, nifanye nini?" Jibu langu huwaumiza. Kwa siku kumi, lala mapema, kula vizuri, tembea, basi. Mwili wa kuruta haupikwi kwa siku kumi. Novemba 2022, Rais Félix Tshisekedi alipowaita vijana wajiunge na jeshi, walijitokeza kwa maelfu katika miji mingi ya nchi. Nilitazama foleni zile nikajiuliza ni wangapi waliokuwa wamewahi hata kutembea saa mbili na mzigo mgongoni.

Mtoto wa shangazi yangu alikuwa mkimbiaji hodari. Wiki tatu kabla ya kuondoka alijichapa kila asubuhi, kutoka komini ya Kenya hapa mjini kushika barabara ya Kipushi na kurudi, tena na buti ngumu za ngozi, kwa sababu aliambiwa mwanajeshi hazoei raba. Mapafu yake yalikuwa safi kabisa. Akaanza kusikia maumivu kwenye mfupa wa muundi, akanyamaza asije akaonekana mnyonge. Mwezi wa kwanza wa mafunzo mfupa ukapata ufa, akarudi nyumbani na magongo. Tangu siku ile nawafundisha wadogo zangu kwa kufuata mfupa, si kwa kufuata pumzi, na mwongozo huu wote umejengwa juu ya jambo hilo moja.

Nieleze sababu yake. Ukianza kukimbia, moyo na mapafu hubadilika ndani ya wiki mbili tatu, nawe unajiona simba. Misuli hufuata nyuma kidogo. Mishipa inayofunga misuli na mifupa, pamoja na mifupa yenyewe, huchukua miezi. Tena mfupa una tabia ya ajabu: ukipewa kazi mpya, kwanza hubomoa sehemu yake ya zamani, halafu ndipo hujenga mpya iliyo imara zaidi. Katikati ya kubomoa na kujenga, kuanzia kama wiki ya tatu, mfupa ni dhaifu kuliko ulivyokuwa siku ya kwanza. Ndiyo wiki ambayo kijana anajisikia vizuri sana akaongeza mwendo mara mbili. Kwa hiyo utaona katika ratiba yangu kila wiki ya nne inashuka. Usiiruke. Wengi huiruka.

Kabla ya hatua ya kwanza: nenda ukapimwe

Wiki moja kabla ya kuanza, nenda kituo cha afya ukiwa mzima. Omba wapime wingi wa damu, minyoo na kichocho. Mtu mwenye minyoo inayomnyonya damu anaweza kukimbia mwaka mzima asiongeze kitu.

Kipimo ninachokisisitiza kuliko vyote ni kile cha damu cha selimundu, kinachoonyesha kama wewe ni AA (hujairithi), AS (umeirithi kwa mzazi mmoja tu) au SS (unaugua selimundu). Nchini kwetu wenye AS ni wengi, na wengi wao hawajui kwa sababu hawaugui. AS si ugonjwa wala haimzuii mtu kufanya mazoezi. Lakini mwenye AS akisukumwa kwa nguvu zake zote bila kupumzika, hasa kwenye joto akiwa na kiu, au akiwa bado hajazoea, anaweza kuanguka ghafla, hata kufa. Kinga yake ni kuongeza polepole, kunywa maji, na kusimama mara anapohisi misuli inalegea na pumzi inakata kwa namna asiyoizoea. Ukijua hali yako unajilinda, na unaweza kumweleza mganga wa kambi. Mwenye SS asijaribu programu hii; azungumze na daktari wake.

Tengeneza meno pia. Jino lililooza unaloweza kulivumilia hapa nyumbani, huko porini usiku litakutoa machozi.

Na umri: kama hujafikisha miaka 18, ngoja. Sheria ya kulinda mtoto ya 2009 inakataza kuandikisha mtoto jeshini, na mfupa unaokua hautaki mzigo mzito.

Jua unapoanzia

Tumia jaribio la Cooper, wengi mlilifanya shuleni. Daktari Kenneth Cooper wa jeshi la anga la Marekani alilitoa mwaka 1968 na bado linatumika kwa sababu ni rahisi: kimbia dakika 12, pima umefika wapi. Uwanja wenye njia ya kukimbilia una mita 400 kwa mzunguko, kwa hiyo mizunguko 6 ni mita 2,400. Kwa mvulana wa miaka 20 hadi 29, mita 2,400 ni vizuri na zaidi ya 2,800 ni bora sana. Kwa msichana wa umri huo, 2,200 ni vizuri na zaidi ya 2,700 ni bora sana. Kama huna uwanja, simu yako inaweza kupima.

Usilifanye siku ya kwanza kama hujakimbia miaka miwili. Anza na wiki mbili za ratiba, kisha ulifanye. Siku hiyo hiyo hesabu pompaji (push-up) ngapi unaweza kupiga kwa umbo safi, kifua kikikaribia ardhi na mgongo ukiwa umenyooka. Zile za kutikisa kiuno usizihesabu. Andika kwenye daftari. Wiki ya 6 na wiki ya 11 utapima tena.

Viatu, na miguu yenyewe

Kimbia na raba, si buti. Raba za tombola (mitumba) zinafaa ukichagua vizuri: kunja kiatu, kinapaswa kupinda mbele kwenye vidole, si katikati ya unyayo, bonyeza soli kwa kidole gumba, isiwe imekufa kama ubao, tazama kisigino kisiwe kimeliwa upande mmoja. Jaribu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na uache nafasi ya upana wa kidole mbele.

Buti zianze kuvaliwa wiki ya 6, saa moja kwa siku ukiwa nyumbani unafanya kazi, halafu kwenye matembezi. Kukimbia na buti utafundishwa huko huko.

Kata kucha moja kwa moja, si kwa duara, zisizame nyamani. Soksi ziwe kavu. Beba jozi ya pili. Ukisikia mahali panawaka, simama hapo hapo ufunike kwa plasta, usingoje lengelenge. Likishatoka, usilichune ngozi: osha, funika, liache. Niliwahi kumwona kijana shupavu akishindwa kwa ajili ya kidonda cha ukubwa wa sarafu.

Ratiba ya kukimbia

Siku tatu kwa wiki, kamwe zisifuatane. Kila siku anza kwa kutembea haraka dakika 5 na umalize vivyo hivyo. Mwendo ni ule unaoweza kuongea sentensi nzima na mwenzako. Ukishindwa kuongea, umekwenda mbio mno, punguza.

Wiki ya 1 na ya 2: kimbia dakika 2, tembea dakika 2, mara 6.
Wiki ya 3: kimbia 3, tembea 2, mara 5.
Wiki ya 4 (ya kushuka): kama wiki ya 1, lakini mara 4 tu.
Wiki ya 5: kimbia 5, tembea 1, mara 4.
Wiki ya 6: kimbia 8, tembea 2, mara 3.
Wiki ya 7: dakika 25 bila kusimama, polepole.
Wiki ya 8 (ya kushuka): dakika 15 hadi 20.
Wiki ya 9 hadi ya 11: siku moja dakika 30, siku ya pili mita 400 kwa kasi mara 4, baadaye mara 6, ukitembea dakika 2 au 3 katikati, siku ya tatu dakika 35 hadi 40 taratibu.
Wiki ya 12: mara mbili tu, dakika 20 kila moja.

Kama ulikuwa tayari unakimbia dakika 25 bila shida, anza wiki ya 5, lakini sehemu ya mzigo anza nayo mwanzo kabisa. Wachezaji wa mpira ndio hudharau neno hili, na ndio wanaonirudia wakichechemea.

Pendelea njia ya udongo kuliko lami. Mji wetu ni tambarare, milima hatuna, kwa hiyo ngazi za uwanja zikipatikana zitumie mara moja kwa wiki kuanzia wiki ya 9: panda kwa nguvu, shuka ukitembea. Wakati wa kiangazi, Mei hadi Septemba, vumbi la barabara za pembeni ni kali na malori ya madini hayaishi; kimbia kunapopambazuka kabla hayajaanza, na kaa mbali na upepo wa moshi wa viwanda. Mvua zikianza, jihadhari na radi. Katanga radi haina mzaha: ukisikia ngurumo, toka uwanja wazi, usisimame chini ya mti, ingia nyumba au gari.

Mzigo mgongoni

Kwa maoni yangu hii ndiyo sehemu kubwa kuliko kukimbia. Ukuruta ni kutembea, kusimama, kubeba, kutembea tena. Tenga siku moja kwa wiki, Jumamosi au Jumapili baada ya ibada.

Tumia maji. Kidumu cha lita 5 ni kilo 5, huhitaji mizani, na ukizidiwa njiani unamwaga unaendelea na safari. Mchanga huwezi kuumwaga bila huzuni baada ya kuufunga vizuri. Jaza kidumu mpaka juu kisichezecheze, kizungushie nguo, kiweke juu kwenye begi karibu na mabega na kigusane na mgongo. Kaza mikanda. Mzigo unaoning'inia kiunoni utakuvunja mgongo hata ukiwa kilo 5.

Wiki nne za kwanza tembea bila mzigo, saa moja, kisha saa moja na robo. Wiki ya 5 beba kilo 5 kwa saa moja. Ya 6 kilo 5 kwa saa moja na robo. Ya 7 kilo 8, muda ule ule. Wiki ya 8 rudi kilo 5, saa moja. Ya 9 kilo 10 kwa saa moja na robo, ya 10 kilo 10 kwa saa mbili, ya 11 kilo 12 hadi 15 kwa saa mbili. Wiki ya 12 hakuna mzigo. Usipite robo ya uzito wako: mwenye kilo 48 akomee 12. Mwendo uwe kama kilomita 5 au 6 kwa saa, na usikimbie kabisa ukiwa na mzigo. Katika wiki moja ongeza kimoja tu, uzito au muda.

Neno la usalama ambalo vijana hulipuuza: usivae kitu chochote cha rangi za kijeshi, hata kofia. Raia kuvaa mavazi ya jeshi ni kosa, na alfajiri, ukiwa na begi zito, utasimamishwa na watu ambao hawana muda wa maelezo. Usipite karibu na kambi. Nenda kikundi, watatu au wanne, na kitambulisho mfukoni, tena kukiwa kumeshaanza kupambazuka.

Nguvu bila ukumbi wa vyuma

Siku tatu, dakika 30, siku ambazo hukimbii au jioni ya siku ya kukimbia.

Pompaji kwanza, kwa sababu utazipiga nyingi huko, na nyingine ni za adhabu. Kosa la wengi ni kupiga mpaka kuanguka kila siku. Chukua nusu ya idadi yako ya juu. Kama unaweza 12, piga 6, pumzika dakika moja, mara 5. Hizo ni 30 zenye umbo safi. Kila wiki ongeza moja katika kila duru. Viwiko visitoke pembeni kama mabawa. Viwe nusu njia kati ya mbavu na bega. Asiyeweza hata moja aanze na mikono ukutani, kisha kwenye benchi, kisha kwenye kiti kifupi, mpaka ardhini. Naona njia hii ni bora kuliko kupiga magotini, kwa sababu kiuno kinajifunza kazi yake tangu mwanzo.

Kisha kuchuchumaa na kusimama, 15 mara 3. Kuinua visigino ukisimama kwa vidole juu ya ngazi, taratibu, 15 mara 3: zoezi hili halivutii mtu yeyote, lakini misuli ya nyuma ya muundi ndiyo inayopunguzia mfupa mshindo. Kukaa kama ubao juu ya viwiko, sekunde 20 ukielekea dakika moja.

Kujivuta kwenye chuma au tawi imara la mwembe: wengi huanza na sifuri. Kaa ukining'inia sekunde 20. Wiki ya tatu, ruka mpaka kidevu kipite chuma, halafu shuka ukihesabu polepole mpaka tano. Mara 4 zinatosha. Baada ya wiki kadhaa za kushuka utashangaa siku moja umepanda.

Na bido (madumu) za maji. Mtu wa Lubumbashi hahitaji kufundishwa kubeba bido, bomba limetufundisha. Beba ya lita 20 mkono mmoja hatua 40, badilisha mkono, mwili ukiwa wima. Kama kwenu kuna kisima, kazi ya mama imekuwa zoezi lako.

Chakula na maji

Siwezi kukuandikia vyakula vya duka kubwa. Bukari (ugali) ni nguvu ya kukimbilia, usiikimbie, ila peke yake haijengi. Kila siku pawe na maharagi au karanga, na ndagala (dagaa), hata kiganja kimoja. Ndagala huliwa nzima, kwa hiyo mfupa wako unapata mfupa. Yai ukipata. Sombe (majani ya muhogo), lengalenga (mchicha), matembele kila siku kwa ajili ya damu, na machungwa, limao au embe pamoja na chakula, kwa sababu husaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo katika mboga na maharagi. Chai hufanya kinyume, kwa hiyo inywe baada ya saa moja au mbili. Asubuhi kabla ya matembezi marefu, uji wa mahindi wenye karanga zilizosagwa. Lutuku (pombe kali ya kienyeji) na sigara viache wiki ya 1, si wiki ya 12.

Maji kunywa kwa kiu na kidogo zaidi, mkojo uwe wa njano hafifu, kama nyasi kavu. Usijilazimishe lita nyingi kwa mkupuo, hiyo nayo inadhuru. Siku ya kuharisha au kutapika usifanye mazoezi: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, unywe polepole. Homa vilevile: mwenye malaria hakimbii. Baada ya kumaliza dawa, anza na kutembea, kisha rudi wiki moja nyuma katika ratiba.

Joto la huko unakokwenda

Lubumbashi iko kama mita 1,200 juu ya bahari, na asubuhi za Juni na Julai hapa ni baridi. Ukipelekwa kambi ya Kamina hutaona tofauti kubwa. Lakini kambi ya Kitona, kule Kongo Central karibu na bahari, ni chini, kuna joto lenye unyevu ambalo jasho halikauki. Mwili huhitaji siku 10 hadi 14 kulizoea. Kwa hiyo wiki ya 10 na ya 11 hamisha mazoezi mawili kwa wiki yaje alasiri jua likiwa bado kali, kwa mwendo mdogo, maji yakiwa karibu.

Mwenzako akianza kuyumba, kuongea ovyo au kukasirika bila sababu kwenye joto, usimwambie ajikaze. Mpeleke kivulini, mvue shati, mwagieni maji mwili mzima na kumpepea bila kuacha, huku mkitafuta gari la kumpeleka hospitali. Asiye na fahamu asinyweshwe kitu.

Maumivu gani yanasubiri na yapi hayasubiri

Misuli inayouma pande zote mbili kesho yake na kutulia ukipasha mwili, hiyo ni kazi ya kawaida. Maumivu unayoweza kuyaonyesha kwa ncha ya kidole juu ya mfupa, yanayozidi kadiri unavyokimbia, au yanayokuamsha usiku: acha kukimbia leo. Jaribu kuruka mara moja kwa mguu huo. Ukishindwa, nenda ukaonane na daktari, na usirudi barabarani kabla hajakuruhusu. Mkojo wa rangi ya kahawa au Coca-Cola baada ya mazoezi makali ni hospitali siku hiyo hiyo. Kifua kubana au kuzimia wakati wa kukimbia, vivyo hivyo.

Kwa dada zangu

Ratiba ni ile ile. Sidiria inayoshika vizuri ni muhimu kama raba. Kama siku zako zinatoka damu nyingi, pima wingi wa damu tena wiki ya 6, uchovu usioeleweka mara nyingi uko hapo. Zikikatika miezi mitatu huku una hakika huna mimba, mwili unakuambia unakula kidogo kuliko kazi unayoupa, na mifupa ndiyo italipa. Ongeza chakula na umwone mganga. Usiende alfajiri peke yako.

Wiki ya mwisho

Jaribio la Cooper ulishalimaliza wiki ya 11, usilirudie. Kimbia mara mbili, piga pompaji nusu ya kawaida, lala. Anza kuamka saa kumi na nusu alfajiri kila siku, na simu uizime mapema jioni, kwa sababu usingizi wa kambini huja kwa amri. Kata kucha siku mbili kabla, si usiku wa kuondoka. Pakia soksi jozi tatu, plasta, sabuni, na karatasi yenye aina ya damu yako na kama wewe ni AA au AS. Safari ikiwa ya treni kuelekea Kamina, inuka kila saa utembee ndani ya behewa, nyosha nyuma ya miguu, kunywa maji. Ukifika, ukisikia mfupa unauma wiki ya tatu, mwambie mganga siku hiyo.